Hamira, Uyoga na Askari wa Damu

Mpishi wa mahamri hukanda unga wake jioni, akautia hamira, akaufunika, akalala. Alfajiri huukuta umeumuka. Kazi hiyo ya hamira twaijua sote, ila ni wachache wetu wanaojali kuuliza hamira yenyewe ni kitu gani. Hamira ni kuvu, ndugu wa uyoga na wa ukungu uotao juu ya mkate uliokaa siku nyingi. Kila punje yake ni kiumbe kizima, kidogo hata hakionekani bila hadubini, nacho kimejizungushia ukuta mgumu. Historia ninayotaka kukusimulia, msomaji, ni ya ukuta huo: jinsi watu walivyogundua kwamba sukari iliyojengwa ndani yake huamsha askari wa damu, jinsi walivyojifunza kuitoa na kuitengeneza kwa wingi, na jinsi mtu mmoja mwenye kipawa alivyokufa kabla ya kusadikiwa.

Yatupasa kuanza na askari wenyewe. Mwaka 1882 Mrusi mmoja, Élie Metchnikoff, alikuwa akikaa Messina katika kisiwa cha Sicily. Alipenda kutazama kwa hadubini mabuu ya kiti cha pwani, ambayo mwili wake hupenyeza nuru kama kioo, na ndani yake aliona chembe zinazotembea huku na huko. Alijiuliza: chembe hizi zatembea kwa kazi gani? Akachuma miiba ya mwaridi bustanini, akaidunga katika mabuu yake, akangoja. Asubuhi yake alikuta chembe zile zimekusanyika na kuizunguka miiba pande zote. Alisadiki tangu saa ile kwamba kazi ya chembe hizo ni ulinzi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1884, alieleza jambo lililo karibu zaidi na habari yetu. Kuna vidudu vidogo vya maji baridi viitwavyo dafnia, navyo pia hupenyeza nuru. Metchnikoff aliona vinaugua ugonjwa uletwao na kuvu ya jamii ya hamira, ambayo mbegu zake ni nyembamba kama sindano, nazo zikimezwa hutoboa utumbo na kuingia mwilini. Hapo chembe nyeupe zilizishika mbegu hizo, zikazimeza na kuziyeyusha. Mara nyingine chembe zilishinda na kidudu kikapona; mara nyingine kuvu ilizaana upesi kupita ulaji wa chembe, na kidudu kikafa. Basi vita hivi vya askari wa mwili, katika maelezo yake ya mwanzo kabisa, vilikuwa vita juu ya kuvu. Metchnikoff alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1908, akishirikiana na Mjerumani Paul Ehrlich, ambaye yeye aliamini kwamba ulinzi mkubwa umo katika maji ya damu wala si katika chembe. Kugawanya tuzo kati ya watu wawili wasiokubaliana ni busara ambayo wenye kutoa tuzo hawaionyeshi kila mwaka.

Sasa tuvuke bahari. Louis Pillemer alizaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1908, akachukuliwa Marekani angali mtoto mchanga. Akawa mtaalamu wa kemia ya damu katika Chuo Kikuu cha Western Reserve, mjini Cleveland. Wakati ule ilikwisha julikana kwamba katika maji ya damu mna kundi la protini ziitwazo komplementi, ambazo zikiamshwa hutoboa vijidudu na kuvitia alama ili chembe nyeupe zivimeze. Lakini mafundisho ya siku zile yalisema kwamba komplementi haiamki yenyewe. Lazima kwanza mwili uwe umekutana na kijidudu kile na kukitengenezea silaha yake maalumu, ndiyo kingamwili. Kingamwili ikishikamana na adui ndipo komplementi huitwa.

Pillemer, pamoja na mwenziwe Ecker, aliandika mwaka 1941 juu ya kitu kilichomo katika hamira mbichi ambacho huifanya komplementi iishe katika damu. Kitu hicho kiliitwa zimosani. Kutengenezwa kwake si jambo gumu: hamira huchemshwa kwa maji, protini zake husagwa kwa kimeng'enya kama kile kilichomo tumboni mwetu, kisha mabaki huoshwa kwa spiriti. Kinachobaki ni kuta tupu za hamira, kama maganda ya nazi baada ya kukunwa. Kuta hizo tupu, zisizo na uhai wala sumu, zilipotiwa katika maji ya damu ya mtu yaliyo na joto la mwili, yaani digrii 37, sehemu ya tatu ya komplementi ilitoweka.

Hapo Pillemer alifanya jaribio ambalo, kwa maoni yangu, ni zuri kuliko mengi yaliyofanywa na watu waliopata sifa kumzidi. Alichanganya damu na zimosani katika ubaridi wa digrii 17. Komplementi haikuguswa. Akaiondoa zimosani ile, kisha akaipasha damu joto mpaka digrii 37 na kuitia zimosani mpya. Komplementi haikuguswa tena! Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba katika ule ubaridi kitu fulani kilitoka katika damu kikang'ang'ania ukuta wa hamira, kikatupwa pamoja nao. Na bila kitu hicho komplementi haiamki. Mwaka 1954 Pillemer na wenzake walikitangaza katika jarida la Science, wakakiita properdini, wakasema kwamba mwili una njia ya pili ya kuamsha komplementi, isiyohitaji kingamwili kutangulia. Ikiwa ni kweli, basi mtu huzaliwa na ulinzi ulio tayari, usiongoja kufundishwa na ugonjwa.

Magazeti yalishangilia. Wataalamu wengine hawakushangilia. Mmoja wao, Robert Nelson, alitoa hoja kwamba watu wote hula na kuvuta hewa yenye kuvu, hivyo kila mtu ana kingamwili kidogo juu ya hamira. Kile kilichong'ang'ania ukuta katika digrii 17 hakikuwa kitu kipya, bali ni kingamwili hizo tu. Hoja hiyo ilikuwa ya haki, nayo ilikuwa ngumu kuijibu kwa vyombo vya siku zile, kwa sababu properdini katika damu ni chache mno, na Pillemer hakuwa ameisafisha hata ionekane peke yake. Pillemer alikufa tarehe 31 Agosti 1957, na umri wake haujafika miaka 50. Makala ya Nelson ilichapwa mwaka uliofuata, na kwa muda wa miaka kadhaa jina la properdini halikutajwa ila kwa mzaha.

Wanafunzi wake hawakuiacha kazi. Mwaka 1968 kundi ambalo ndani yake alikuwamo Irwin Lepow, aliyewahi kufundishwa na Pillemer, lilitangaza kwamba limeisafisha properdini, nayo si kingamwili bali ni protini ya namna yake. Katika miaka iliyofuata njia ile ya pili ya komplementi ilithibitishwa kipande kwa kipande, na leo kila kitabu cha elimu ya kinga huieleza. Marehemu alikuwa amesema kweli, na ukuta wa hamira ndio uliomwonyesha.

Je, ni kitu gani hasa katika ukuta ule? Zimosani ni mchanganyiko: mna protini, mafuta, na sukari za namna mbalimbali. Mwaka 1961 Riggi na Di Luzio walizitenganisha sehemu zake, wakajaribu kila moja katika wanyama, wakaona kwamba iliyo na nguvu ya kuamsha chembe zilaji za ini na wengu ni moja tu, nayo ni glukani.

Hapa nakuomba, msomaji, uwe mvumilivu kidogo, maana jambo hili likieleweka mengine yote ni mepesi. Chukua shanga za namna moja tu, nazo ni sukari iitwayo glukosi. Ukizitunga kwa namna moja unapata wanga wa mahindi, ambao tunausonga ugali. Ukizitunga zile zile kwa namna nyingine unapata selulosi ya karatasi hii unayoisoma, ambayo tumbo lako haliwezi kuisaga hata ukiitafuna kutwa. Shanga ni moja. Tofauti iko katika mahali pa kila ushanga ambapo uzi umepita, na upande ambao fundo limeelekea. Kuvu nazo zina utungaji wao: huunga tundu la kwanza la ushanga mmoja na la tatu la ushanga unaofuata, fundo likielekea upande wa beta, na hapa na pale hutoa tawi kutoka tundu la sita. Minyororo mirefu ya sukari kama hii huitwa polisakaridi, na hii ya kuvu huitwa beta-glukani. Mwili wa mtu hautungi shanga kwa namna hiyo hata mahali pamoja. Kwa hiyo chembe nyeupe ikikuta utungaji huo, hujua bila shaka kwamba mgeni ameingia.

Wakati Wamarekani wakibishana juu ya hamira, Wajapani walikuwa na mambo yao ya uyoga. Uyoga wao mashuhuri ni shiitake, ambao huota juu ya magogo ya mialoni. Zamani mkulima alikata magogo, akayatia chale kwa shoka, akayalaza mahali penye unyevu, akangoja mbegu za uyoga ziletwe na upepo. Wengine walikopa fedha kununua magogo, na uyoga usipoota walifilisika. Husimuliwa kwamba Kisaku Mori, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyoto, aliwaona wakulima wa Oita wamepiga magoti mbele ya magogo yao wakiyasihi yatoe uyoga. Hakuyasahau maombi yale. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alipata njia ya kuotesha kuvu ya shiitake ndani ya vijiti vidogo vya mti; mkulima hutoboa gogo, akapigilia kijiti kama msumari, na kuvu ikaenea ndani bila kungoja upepo. Kwa njia hiyo shiitake ikawa zao la kutegemewa, na wataalamu wa maabara wakaweza kuipata kwa kilo nyingi.

Goro Chihara wa Kituo cha Taifa cha Saratani, Tokyo, alitaka kujua kama dawa za kienyeji za uyoga zina kitu cha kweli ndani yake. Mwaka 1969 yeye na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba polisakaridi za shiitake huzuia uvimbe wa saratani katika panya. Walichemsha uyoga kwa maji kwa muda mrefu, wakachuja, wakamimina spiriti mpaka sukari zile ndefu zikaganda na kuzama kama nyuzi nyeupe. Kisha wakazichambua kwa dawa za kemia, hatua baada ya hatua, wakiondoa protini na sukari zisizotakiwa. Kilo nyingi za uyoga zilitoa gramu chache tu. Kitu kilichobaki walikiita lentinani, nacho ni beta-glukani. Panya walipodungwa miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kila siku kwa siku 10, uvimbe ulikaribia kutoweka wote. Ajabu ni kwamba lentinani yenyewe haiui chembe ya saratani. Mwaka 1971 Maeda na Chihara walionyesha kwamba panya aliyeondolewa tezi ya thaimasi, ambamo baadhi ya askari wa damu hukomazwa, hapati faida yoyote kwa dawa hiyo. Dawa haipigani, huamsha wanaopigana.

Lentinani ilikubaliwa na serikali ya Japani mwaka 1985, itumiwe pamoja na dawa nyingine kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo. Kabla yake, mwaka 1977, ilikuwa imekubaliwa krestini, itokayo katika kuvu ya misitu yenye mistari ya rangi kama mkia wa ndege. Na katika miaka ya 1980 ikaja pia sizofilani, itokayo katika kuvu iitwayo Schizophyllum commune. Hii ya mwisho huenda umeikanyaga, maana huota duniani kote penye joto, hata hapa Kenya, juu ya matawi yaliyokufa: ni vikombe vidogo vyenye manyoya meupe juu na mikunjo chini.

Sizofilani haikamuliwi kutoka uyoga. Kuvu yake hukuzwa ndani ya mapipa makubwa ya chuma yenye maji, sukari na chumvichumvi, huku hewa ikipulizwa na panga zikikoroga; nayo kuvu huitoa glukani yake ndani ya maji. Rahisi kusema! Kadiri glukani inavyozidi, maji yanakuwa mazito kama mlenda, mapovu ya hewa hayapiti, na kuvu hukosa pumzi. Ukikoroga kwa nguvu zaidi unaikata kuvu yenyewe vipande vipande. Na ukichelewa kuvuna, sukari ya chakula ikaisha, kuvu hugeuka na kuila glukani iliyoitoa, kama mkulima aliyemaliza unga akafungua ghala ya mbegu. Mhandisi wa kiwanda cha namna hiyo hana budi kujua saa ya kusimamisha kazi.

Sipendi uifikirie habari hii kuwa ni ya ushindi mtupu. Uvimbe uliotumiwa katika panya wa Tokyo haukuwa wa panya wale wenyewe. Ulipandikizwa kutoka kizazi kingine cha panya, na mwili huukataa upesi kitu kilichotoka kwa mwingine. Kuamsha askari wampige mgeni ni kazi nyepesi kuliko kuwafanya wampige mwana wa nyumbani aliyeasi, na saratani ya mtu ni mwana wa nyumbani. Kwa wagonjwa faida ilikuwa ndogo, nayo ilionekana pale tu dawa hizi zilipotumiwa pamoja na tiba nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Japani iliipima upya krestini ikaagiza isitumiwe peke yake. Na kabla ya mwaka 2020 lentinani na krestini zote mbili zilikuwa zimeacha kuuzwa nchini humo. Mwenye duka akikuuzia unga wa uyoga ndani ya chupa akasema unaponya saratani, mwulize kama anajua kwamba lentinani ilidungwa katika mshipa na daktari, haikunywewa katika chai. Hata kuila shiitake isiyoiva vizuri kuna adabu yake: baadhi ya watu hutokwa na michirizi myekundu mgongoni kama waliochapwa kiboko, na anayeshutumiwa ni lentinani hiyo hiyo.

Kulikuwa na mtego mwingine uliowanasa wataalamu wengi. Vijidudu vya bakteria vina sumu katika kuta zao ambayo chembe kidogo tu hutosha kuwachafua askari wa damu. Glukani ikichafuka kwa sumu hiyo, mtafiti huona chembe nyeupe zimeamka akadhani ni kazi ya uyoga. Kuanzia miaka ya 1960 ilipatikana njia ya kuitambua sumu ile kwa damu ya mnyama wa bahari mwenye gamba la umbo la kwato ya farasi: damu yake huganda mara ikiigusa. Lakini ikaonekana kwamba damu hiyo huganda pia ikigusa beta-glukani! Wajapani walichunguza, na mwaka 1981 walieleza kwamba mna njia mbili za kuganda, moja ya bakteria na moja ya kuvu. Kilichokuwa kero kikageuzwa chombo. Siku hizi hospitali zenye maabara ya kutosha hupima beta-glukani katika damu ya mgonjwa ili kujua kama ameshambuliwa na kuvu, kama ile inayoingia mapafuni mwa watu ambao kinga yao imevunjwa na Ukimwi.

Lakini chembe nyeupe yenyewe huitambua glukani kwa mkono gani? Swali hili lilingoja mpaka mwaka 2001. Katika Chuo Kikuu cha Oxford, Gordon Brown na Siamon Gordon walichukua maelfu ya maagizo ya urithi kutoka chembe zilaji, wakayatia katika chembe nyingine zisizojua kula kuvu, kisha wakatafuta ni ipi iliyoanza kuishika zimosani. Wakaipata protini iitwayo Dektini-1. Gordon ni mzaliwa wa Afrika Kusini kama Pillemer, na Brown baadaye alifanya kazi miaka kadhaa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Na chambo walichotumia kilikuwa zimosani ile ile ya Cleveland.

Baada ya hapo mambo yalifunguka. Ilijulikana kwamba kuvu zenye hila huzifunika glukani zao kwa sukari nyingine ili zisionekane, na kwamba punje inapozaa, mahali mtoto alipokatika hubaki kovu ambalo kwalo glukani huchungulia nje. Mwaka 2011 ikaelezwa pia kwa nini glukani iliyoyeyuka katika maji huishika Dektini-1 lakini haiamshi chembe, hali glukani iliyo katika ukuta mgumu huiamsha. Juu ya uso wa chembe, pembeni mwa Dektini-1, husimama protini nyingine kama walinzi wa kuizuia isipige kelele. Ukuta mzima wa kuvu ukijibandika, Dektini-1 nyingi hukusanyika hapo pamoja na walinzi husukumwa kando, ndipo amri ya kula hutoka. Glukani iliyoyeyuka haina upana wa kuwasukuma. Hivyo chembe hujua kama adui yuko mbele yake, au ni vumbi lake tu lililopeperuka kutoka mbali.

Mwaka 2012 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, ambao miongoni mwao ni Mihai Netea, walieleza jambo lililowashtua waliosoma kwamba kumbukumbu ya magonjwa ni kazi ya kingamwili na jamaa zake tu. Chembe nyeupe za namna ya monositi zilizoguswa na beta-glukani, zikapumzishwa, zilipokutana na adui baadaye zilijibu kwa nguvu zaidi kuliko zisizoguswa, hata kama adui yule hakuwa kuvu. Zilikuwa kama askari waliopata mazoezi. Lakini hapo pakazuka swali: monositi huishi katika damu siku chache tu, nazo faida za mazoezi huonekana baada ya majuma mengi. Mazoezi ya askari aliyekufa yatamfaa nani? Jibu lilianza kupatikana mwaka 2018, kwa majaribio ya panya. Glukani ilikuwa imefika mpaka ndani ya uboho wa mifupa na kubadili chembe mama zizaazo damu, hata askari wapya waliotoka humo walizaliwa wakiwa tayari na mazoezi ya wale waliowatangulia.